Navi ya Kijapani kwenye Noah: ing'olewe au iachwe?

Suali nililoletewa ni hili, nimelifupisha kidogo:

"Asalaam alaykum fundi. Mie dereva nakaa Fuoni, nimepata Noah ya 2011 imeshuka juzi juzi tu kutoka Japani, nataka nifanyie kazi ya wageni, airport, Nungwi, Paje na shamba kwa jumla. Ina navi yake ya kiwandani lakini ramani ni Japani tupu na inasema Kijapani kutwa. Fundi mmoja wa Kwerekwe kaniambia hio ng'oa tupa, weka redio ya Android, laki tatu na nusu na kazi yake. Dereva mwenzangu kaniambia nisithubutu, cha kiwandani ndo cha kiwandani, nitafute tu mtu aniingizie ramani ya Tanzania. Nimsikilize nani? Na shemeji yangu yuko Wete ana Harrier ya zamani, suali lake ni hilo hilo."

Waalaykum salaam warahmatullah, na hongera ya gari, Mungu aijaalie iwe ya kheri.

Wote wawili wamekwambia nusu, na ile nusu walioiacha ndo yenye pesa zako. Nianze na huyo dereva mwenzako mana ushauri wake ndo utakaokutia hasara mwanzo.

Ramani ya Tanzania haiingii humo mwanangu. Usimpe mtu hata shilingi kumi akikwambia ataiingiza. Nshawaona madereva wanaacha gari kwa kijana mwenye laptop siku mbili, wakirudi wanakuta navi imekufa moja kwa moja, hata redio haiwaki, na kijana simu yake haipatikani tena. Kile kidude kimetengenezwa kwa ajili ya soko la Japani peke yake, ramani yake imekaa kwenye diski ya DVD au hadi diski (hard disk) ya ndani au kadi ya SD kwa mpangilio wao wenyewe uliofungwa, na hakuna mtu aliyekaa akaitengeneza Unguja na Pemba kwa mpangilio huo, aitengeneze amuuzie nani? Na si ramani tu. Ile njia yao ya kutafuta mahali ni kwa kuandika namba ya simu ya hoteli au ile namba wanayoiita Mapcode, foleni za barabarani inazipata kwa mitambo ya VICS iliyotegwa barabara za kwao, televisheni yake inashika mfumo wa Kijapani ambao si huu wetu. Kwa hivo hata ungepata hio ramani kwa muujiza ungebaki na navi inayokuuliza mambo ya Osaka.

Watu huuliza hapo, kwani setilaiti hazifiki kwetu? Zinafika, tena vizuri. Setilaiti za GPS ni za Wamarekani, zaidi ya 24 ziko juu zinazunguka dunia nzima, hazibagui Tokyo wala Fuoni, na tangu Mei 2000 walipoondoa ule ukungu wa makusudi waliokuwa wakiutia kwenye mawimbi ya raia, usahihi ni wa mita chache tu kwa mtu yeyote na bure. Noah yako hapo ilipo inajua kabisa iko wapi duniani, ila haina karatasi ya kujichora juu yake, ndo mana ukitizama kioo unaiona gari inaelea baharini au imeganda mtaa wa mwisho iliozimwa huko kwao. Hili lishike vizuri, kujua ulipo ni kitu kimoja na ramani ni kitu chengine, mana huko mbele litakusaidia usiibiwe.

Kwa utamu wa maneno tu, moja ya navi za mwanzo za gari haikuwa na setilaiti hata moja. Honda waliitoa 1981, inahisi mzunguko wa gari kwa kifaa cha gesi na ramani zake ni karatasi za plastiki zinazopenya mwanga, unazibadilisha kwa mkono kadri unavokwenda. Bado damu hio imo kwenye za kiwandani mpaka leo, zina waya unaosoma mwendo wa magurudumu na kidude cha kuhisi kona, ili gari ikiingia kwenye handaki refu mshale usipotee. Faida kubwa sana hio kwa wenye milima na mahandaki. Sisi handaki letu liko wapi?

Sasa huyo fundi wa Kwerekwe. Kasema ng'oa, na kwa Noah yako huenda yuko sawa, lakini kasema tupa, na hapo ndo nnapomkatalia. Pia kasema "redio ya Android" kama vile ni kitu kimoja, na si kitu kimoja hata kidogo.

Kwanza tizama unayo ipi. Watu wetu wanasema "navi ya kiwandani" kwa chochote kilichokuja na gari, lakini Wajapani wenyewe wana aina tatu. Kuna iliojengwa kiwandani pamoja na gari, imesukwa na mambo mengine mpaka huwezi kuitoa bila kuumiza. Kuna iliofungwa na wakala wa Toyota siku gari inauzwa, hio imeandikwa Toyota lakini kwa kweli ni sanduku tu limechomekwa kwenye tundu, linatoka kwa skrubu. Na kuna alioinunua mwenye gari dukani kwake, hizo za Carrozzeria, Strada, Kenwood, Eclipse, Alpine. Noah nyingi zinazoshuka hapa zina ya pili au ya tatu. Tizama pembeni mwa kioo au kwenye kibandiko juu ya sanduku, ukiona namba inaanza na N halafu mwisho W na namba mbili, mfano NHDT-W59 au NSZT-W62G, hio ni ya wakala. Herufi ya pili inakwambia ramani iko wapi, D ni DVD, H ni hadi diski, S ni kadi, na ile 59 au 62 ndo mwaka, 2009, 2012. Hizo zinatoka bila machozi.

Zile za kadi zina vitimbi vyake. Kadi ya SD ikipotea, na njiani kutoka kule mpaka bandarini mikono ni mingi, baadhi yake haiwaki kitu, si redio si CD, inabaki inakuandikia Kijapani uingize kadi. Na nyengine ukichomoa betri tu ya gari, hata kwa kuibadilisha, inajifunga inataka namba ya siri ambayo aliyeiweka yuko Nagoya na keshasahau. Kwa hivo fundi yeyote akitaka kuchomoa betri yako kwa kazi nyengine yoyote mwambie asubiri kwanza, muulize atarejeshaje redio.

Na redio yenyewe ndo usumbufu wa kila siku. FM ya Kijapani inaanzia 76 inaishia 90, za karibuni zimefika 95, na yetu inakwenda mpaka 108. Zenj FM iko 96.8, huipati. Ndo mana wanauza kile kidude cha kuteremsha masafa, kinachomekwa kwenye waya wa antena, kikiwa cha 20 basi 96.8 unaitafuta kwenye 76.8. Kinafanya kazi ila stesheni zinabanana na sauti inakuwa na mchanga mchanga. Kama unachotaka ni redio tu, kidude hiki ni pesa ndogo kuliko kung'oa kitu.

Na yule dada anaekwambia maneno ya Kijapani kila ukiwasha gari, mara nyingi si navi. Ni kisanduku cha ETC, cha kulipia barabara za kwao, kinalalamika kwamba kadi haijaingizwa. Kitafute chini ya usukani au ndani ya kidroo cha kushoto, kina waya mdogo, chomoa plagi yake, dada atanyamaza. Nna mteja mmoja alikataa nisichomoe, anasema mke wake kazoea.

Haya, Harrier ya shemeji yako. Kama ni ile ya kizazi cha pili, yenye kioo kikubwa cha katikati kilichobeba na mambo ya AC, basi mwambie asiguse. Pale kioo si redio, ni sehemu ya gari. Ukikitoa, unapoteza pa kuonea joto la AC na mipangilio yake, na kama ina maspika ya kampuni yenye amplifaya yake ya peke yake, redio mpya ikifungwa bila kuipa amplifaya waya wake wa kuamka, gari nzima kimya. Prius za zamani ni hivo hivo, Alphard za mwanzo pia nyingi. Zipo fremu za kuhamishia vitufe vya AC, zinaagizwa, lakini ukijumlisha fremu, kiboksi cha kutafsiri mawasiliano ya gari, na fundi anaejua anachokifanya, umeshatumia pesa nyingi kwa ajili ya ramani ambayo shemeji yako anayo tayari mfukoni. Yeye anunue kishikio kizuri cha simu na kidude cha blututhi cha kutoa sauti kwenye redio, basi. Tena Pemba, kutoka Wete kwenda Konde au Chake anataka ramani ya nini, labda ya kuwaonesha wageni.

Sasa nikwambie ninavoona mie, na nimefunga hivi vitu miaka mingi: ramani skuizi iko kwenye simu. Kwenye gari unachochagua ni kioo na waya. Ukishalijua hilo masuali yote yanabadilika, huulizi tena navi ipi bora, unauliza kioo kipi kitaonesha simu yangu vizuri na nani atafunga waya bila kuniunguzia gari.

Na kwa kazi yako wewe ya wageni kuna jambo moja tu linalomaliza ubishi. Mgeni anakutumia lokesheni kwa WhatsApp. Hakwambii mtaa, hana namba ya nyumba, anakurushia kidoto chekundu. Navi ya kiwandani, hata ingekuwa ya kisasa yenye ramani ya Afrika, hicho kidoto inakipokea vipi? Utakaa kando ya barabara unanakili tarakimu za latitudo kimoja kimoja na mgeni yuko jua kali na mabegi. Kwenye simu unabonyeza, inakupeleka.

Kwa hivo cha kueka kwenye Noah ni kioo chenye CarPlay ya iPhone na Android Auto, mana hapo simu ndo inafanya kazi na kioo kinaonesha tu. Hizi mbili zimeanza 2014 na 2015, si mambo mapya tena, na ndo mana hata Toyota wenyewe kwenye magari yao ya kuanzia kama 2020 wameanza kueka kioo kinachotegemea simu, wao wenyewe wamesalimu amri. Ukipata kioo cha kampuni inayojulikana, Pioneer au Kenwood au Sony, kisicho na navi yoyote ndani ila CarPlay na Android Auto tu, hicho ndo nnachokipenda kuliko vyote, kinawaka haraka, sauti safi, hakigandi. Bei yake inauma kidogo, ndo ukweli.

Hizi za Android za laki tatu na nusu ni bahati nasibu. Ndani ni tableti, tena tableti dhaifu. Boksi linasema RAM 4 na Android 13, ukenda ndani ni RAM 1 na Android 8 imevalishwa kanzu. Chipu inayosifika kwa ulaghai huo ni 8227L, ukiisikia kimbia. Usiamini ukurasa wa mipangilio, huo ndo wanaoughushi, weka programu ya kupima vifaa kama ile CPU-Z pale pale dukani uone mwenyewe, muuzaji akikataa usitoe pesa. RAM 2 ni chini kabisa, 4 ya kweli ndo raha, na ukipata yenye chipu ya UIS7862 utasahau mambo ya kuganda. Yenye RAM 1 itakuwa inawaka dakika nzima, ukiweka rivasi kamera inakuja ushagonga ukuta.

Na hapa linarudi lile la setilaiti. Wauzaji wanakwambia hii lazima uweke laini na bando la saa zote ndo navi ifanye kazi. Si kweli. Mahali ulipo inakujia bure kutoka juu, bando ni la kuvutia picha ya ramani na hali ya foleni. Pakua ramani ya Zanzibar kwenye Google Maps ukiwa na wifi nyumbani, kisiwa chote kidogo, urefu wa Unguja hata kilomita mia haufiki, au weka Organic Maps au OsmAnd ambazo zinakwenda bila intaneti kabisa. Hizo mbili zinatumia ramani ya OpenStreetMap, ile ya bure inayochorwa na watu wa kujitolea, na sisi hapo tuna bahati ambayo nchi nyingi hazina, mana 2016 Kamisheni ya Ardhi ilianza kurusha droni kupiga picha Unguja na Pemba nzima, vijana wa SUZA, chuo kikuu chetu cha Zanzibar, wakiwemo kwenye kazi hio, picha za kuona mpaka bati la choo, na picha zile zimetumika kuchorea ramani. Nyumba za Fuoni na Kwerekwe zimo moja moja. Sijaona navi ya kampuni yoyote yenye hio habari.

Lakini ramani kujua njia ipo si kujua njia inapitika. Nlikuwa napeleka gari ya mtu Muyuni, simu ikanambia pita hapa utaokoa dakika sita, nikaifata kama mjinga mzima na umri wangu huu, ikanitia kwenye njia ya ng'ombe, mawe ya maweni yamesimama kama meno, nimetoka kule nimevunja sahani ya chini ya injini na dakika sita zimekuwa saa moja na nusu. Na mjini ni hivo hivo. Hoteli za Mji Mkongwe nyingi ziko ndani ya vichochoro visivopita hata vespa mbili, simu itakwambia umefika na wewe umekwama kwenye kona unarudi rivasi watoto wanakucheka. Mgeni wa Mji Mkongwe mshushe Forodhani au Mkunazini au Malindi kulingana na upande, abebewe mzigo. Ndani ya vichochoro vile kuta ni ndefu mawimbi yanagonga gonga, mshale unaruka mtaa wa pili, usiulaumu.

Narudi kwenye kufunga mana hapa ndo gari zinapoharibika, na hapa ndo ntarefusha kidogo mnisamehe.

Tundu la Noah ni la Toyota, upana milimita 200 kwa 100 kwenda juu. Redio nyingi za soko la jumla ni 178 kwa 100, zinaingia lakini zinaacha mwanya pembeni, wanaziba kwa vipande vya plastiki au kwa fremu. Mwambie muuzaji "ya Toyota ya 200" na utizame fremu kabla hujalipa, si baada.

Nyuma ya redio ya Toyota kuna plagi mbili kubwa, moja ya pini 10 na moja ya pini 6. Zipo plagi za kuunganishia zinazoingia humo moja kwa moja bila kukata waya hata mmoja, bei yake ni ya sahani ya biriani. Fundi akitoa kisu au koleo akaanza kukata plagi za gari, mzuie mkono. Mwambie hutaki, lete plagi. Mana akishakata, siku utakayotaka kuirudisha ya mwanzo huna pa kuichomeka, na zaidi ya hapo maungo ya kusokota na kufunika kwa tepu nyeusi hapa kwetu hayakai. Hewa yetu ina chumvi. Gari inayolala Nungwi au Jambiani mwaka mmoja tu ukifungua ile tepu unaikuta shaba imekuwa kijani, redio inazima ukipita tuta, mtu anabadilisha redio tatu kumbe ugonjwa ni waya. Wachomelee kwa risasi na wavalishe mpira wa kubana kwa moto.

Waya wa njano ni umeme wa saa zote na mwekundu ni wa switchi. Hii ndo rangi ya redio, rangi za gari ni nyengine, kwa hivo wapime kwa mita wasibahatishe. Waya hizo mbili zikibadilishana nafasi, redio inasahau kila kitu kila ukizima gari, na fundi mvivu anatibu hilo kwa kuunganisha yote miwili kwenye umeme wa saa zote, redio hailali, asubuhi ya tatu betri imekwisha unamwita jirani akusukume. Na usikubali waya wa umeme bila fyuzi.

Kama gari ina kamera ya rivasi ya kiwandani sema mapema. Baadhi ya kamera za Toyota zinakula volti 6 si 12, ukiiunganisha kwenye taa ya rivasi moja kwa moja umeiunguza. Kuna kijiadapta chake. Vitufe vya usukani navyo vinaunganishika, redio nyingi zina waya wa KEY1 na KEY2 na unaifundisha redio kitufe kimoja kimoja, kazi ya dakika kumi, lakini mafundi wengi wanaruka hapo kwa sababu mteja hakuuliza. Uliza.

Antena ya GPS, kile kijisahani cheusi chenye sumaku, wao wanakitupia nyuma ya redio ndani ya vyuma halafu unaambiwa redio mbovu. Kiwe juu ya deshibodi kwenye pembe ya kioo cha mbele, au chini ya plastiki ya deshibodi lakini uso wake utizame juu. Na kama kioo cha mbele kimebandikwa tinti ile yenye chuma chuma ndani, inazuia mawimbi. Jengine, siku ya kwanza usiijaribu ndani ya gereji chini ya bati, toa gari uwanjani iache imewaka dakika kumi na tano hivi, mara ya mwanzo bila intaneti inachukua muda kuzijua setilaiti, baada ya hapo ni haraka. Ukitumia CarPlay au Android Auto hili halikusumbui sana mana simu ina yake.

Kuna waya mmoja wa hendibreki ambao mafundi wanaupiga bodi, yaani wanaugusisha kwenye chuma cha gari redio idhani hendibreki imevutwa, ili video zicheze gari ikienda. Mie siufungi hivo kwa gari inayobeba abiria, na mteja akilazimisha namwambia aende kwa mwengine. Wewe dereva wa wageni, ukionekana unatizama mpira huku unakwenda themanini Tunguu, mgeni hatokwambia kitu, atakuandika.

Kama laki tatu na nusu ndo ulionayo yote, basi mie ningekuwa wewe nisingenunua redio mwezi huu. Ningenunua kishikio cha simu cha kubana kwenye tundu la AC, si kile cha kunyonya kioo, mana kwa jua letu kinaachia na simu juu ya deshibodi inachemka mpaka inakataa chaji, wakati kwenye tundu la AC inapata baridi. Chaja nzuri ya gari na waya wake. Kile kidude cha kuteremsha masafa ya FM kama redio inawaka. Fanya kazi miezi miwili mitatu ya wageni, weka pesa, halafu nunua kioo cha maana mara moja. Kioo cha bei rahisi utakinunua mara mbili.

Na hio ya zamani ikishatoka usimwachie fundi, na usikubali "nikukatie elfu ishirini uniachie hii". Anajua anachokifanya. Ifunge kwenye mfuko na kadi yake na skrubu zake na ile antena yake, ieke juu ya kabati mahali pakavu. Siku utakapouza Noah mnunuzi mwengine atataka ya kwake, na wewe utahamisha kioo chako kizuri kwenye gari nyengine.

Kabla hujaenda kwa mtu, kitoe kile kifuniko cha plastiki kinachozunguka redio, kinavutika kwa mkono taratibu kuanzia chini, piga picha namba ya sanduku na picha ya plagi za nyuma, nitumie. Na shemeji yako aniletee picha ya kioo chake AC ikiwa imewashwa, nitajua kwa kutizama tu.